Jagi Lisilo na Jina

Chekeni tu, jamani, mimi nimeshazoea. Si kila siku mtu mzima, mwalimu wa sekondari, tena mwenye tai shingoni, anasimama mbele ya akina mama wa kanisa na ukoo mzima wa mkewe akiwa ameinua jagi la mkojo kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Mimi nilisimama hivyo. Nililiinua kwa mikono miwili. Waliokuwepo wamekisimulia kisa hiki kutoka Nuu hadi Kikima, na kila anayekisimulia huongeza chumvi yake (kuna mmoja anayedai nilipiga na magoti), lakini wote huishia pale watu walipocheka, kwa sababu pale ndipo pazuri pa kuishia. Mimi leo nitapita pale niende mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya tisini, ule msimu ambao mvua ilianza kama rehema kisha ikakataa kukatika. Nilikuwa nafundisha Kikima, huku juu milimani, na nilikuwa nimemwoa Mwende, binti wa Nuu, mbali kule chini kwenye ukame. Nilikuwa pia mwandishi, au niseme nilikuwa kijana aliyejiita mwandishi: riwaya moja isiyoisha, na kundi la marafiki tuliokutana Machakos Jumamosi kusomeana kazi zetu na kugombana kuhusu mila. Mimi nilikuwa upande wa mila. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba Mkamba anayeacha nthoni amejivunja uti wa mgongo kwa mkono wake mwenyewe. Nthoni, kwa msiojua, ni ile heshima ya kuoneana haya: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani ampishe mwenzake, hawatazamani usoni, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa aliyeoa bintiye. Vijana wa rika langu walikuwa wameanza kuyacheka hayo, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Mimi la. Tangu nilipomposa Mwende nilikuwa nimemjua Mama kwa pindo la kanga yake, kwa nyayo zake, na kwa sauti iliyokuja kutoka upande wa pili wa ukuta ikiuliza, "Mwanangu amekula?" Nami niliujibu ukuta.

Basi mafuriko yakaingia visimani, na watu wa Nuu wakaanza kuhara na kutapika. Majirani walimkuta Mama amelala mlangoni pake, midomo imepasuka, hata machozi ya kulia hana. Wakampeleka hospitali ndogo ya misheni (jina lake nitalimeza, maana haikunikosea kitu). Mwende alikuwa ametoka tu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, hawezi hata kutembea vizuri, na kaka yake wa pekee alikuwa baharia, meli yake iko huko kusikojulikana. Aliyebaki wa kwenda kumwuguza mama mkwe ni nani? Mimi.

"Kioko," Mwende aliniambia, mtoto kifuani, "nimekupa mama yangu."

Hospitalini nilimkuta daktari kijana, Dakta Mutinda, aliyekuwa amerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo. Alinipeleka kando, barazani, akanieleza taratibu kama mtu anayejua kwamba atalazimika kurudia.

"Mwalimu, maji yalimwisha mama mwilini mpaka figo zikazimika. Tumemrudishia kwa dripu, presha imepanda vizuri, lakini figo bado. Hapati mkojo."

"Zimekufa?"

"Hilo ndilo sijui. Figo iliyokufa na figo iliyolala, ukisimama nje, zote ni kimya."

Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Kule alikosomea, alisema, kuna mashine ya sumaku, kubwa kama chumba, mgonjwa analazwa ndani yake bila kupasuliwa, nayo inapiga picha ya figo. Na sasa wataalamu walikuwa wameanza kujaribu kitu kigeni zaidi, picha isiyoonyesha umbo la figo tu bali kazi yake: damu inapita wapi na wapi haipiti, nyama ipi ya figo inapata hewa na ipi inakosa. Unaitazama, unajua hii inaamka, hii inakwenda. Aliyasema hayo kwa macho yaliyokuwa mbali, kama mtu anayesimulia karamu aliyokula ugenini, kisha akacheka kidogo.

"Hapa hata mashine ya maabara ya kupima damu imekufa, tunangoja kipuri. Mashine yangu ni hii." Akaniinulia jagi la plastiki lenye mistari ubavuni.

Nikaelezwa. Mkojo ukianza kuja, figo zimeamka, mama apewe maji na chakula atakavyo. Usipokuja, apewe maji ya kuhesabu kwa kijiko, kwa sababu maji yanayoingia bila kutoka humzamisha mtu akiwa kitandani, na machungwa na ndizi asiguse, maana kuna chumvi ndani yake ambayo figo zisipoitoa husimamisha moyo. Na figo zisipoamka haraka, ni Nairobi, kwenye mashine ya kusafisha damu. "Kwa hiyo kila tone la mama liingie humu," akasema. "Hili jagi ndilo litakaloniambia kama ningoje au nikimbie."

Wodi ya akina mama ilikuwa na sista mmoja, na wagonjwa walikuwa wamelala mpaka sakafuni. Kupeleka chombo cha haja kitandani ilikuwa kazi ya jamaa. Sista akanitupia kipande cha plasta na kalamu huku akikimbilia mtoto anayetapika. "Andika jina la mama, bandika kwenye jagi, liweke chini ya kitanda chake."

Naomba mnielewe hapa, au msinielewe, lakini nisikilizeni. Niliishika ile kalamu. Wodi nzima ilikuwa inanitazama, wanawake wa Nuu, wa Mwingi, wa wapi, wote wanaojua mimi ni nani wa nani. Kulitamka jina lake sikuwahi. Sasa niliandike, kwa mkono wangu, tena ubavuni mwa chombo cha mkojo? Nikaona marafiki zangu wa Machakos wananitazama pia. Nikaona mababu. Nikabandika plasta ikiwa tupu, nyeupe pe, na badala ya kulisukuma jagi chini ya kitanda (ningelazimika kupiga magoti karibu na mwili wake) nikalipeleka bafu la wanawake nyuma ya wodi wakati hamna mtu, nikaliweka nyuma ya mlango, nikatoka mbio kama mwizi wa kuku. Hilo ndilo kosa lote. Mengine yalijizaa yenyewe.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mgonjwa aliyeuguzwa na dada yake, Mama Halima, mfanyabiashara wa vitenge wa Mwingi ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Nilimwendea huyo Mama Halima, nikazunguka maneno mpaka akanikata.

"Mwalimu, mkweo anauma?"

"Ni mila, mama."

"Mila! Mgonjwa hana mila, ana kiu. Haya nenda, nitamsaidia mimi. Lakini wallahi hii yenu ya kukimbiana sijaiona duniani."

Nikakaa nje, chini ya dirisha la Mama, mgongo ukutani. Hapo ndipo palipokuwa kituo changu. Asubuhi nilisema kupitia dirishani, "Mama, umeamkaje?" na sauti ikajibu, "Nimeamka." Baada ya kitambo ikauliza, "Mtoto ananyonya?" Nikasema ananyonya sana. Ikanyamaza, na katika ule unyamavu nilisikia mtu akitabasamu, au nilijiandikia hivyo kichwani, maana nilikuwa na tabia ya kujiandikia.

Siku za mwanzo jagi lilikaa kavu. Mama Halima, aliyelilinda asilitumie mwingine, alikuwa akitikisa kichwa akipita, na Dakta Mutinda alilitazama lile tupu kama mtu anayetazama anga la kiangazi. Alianza kuzungumza habari za Nairobi. Kisha mdogo wake Mama Halima akapona, wakafungasha. "Mwalimu," aliniambia akiwa tayari na mzigo kichwani, "mwambie sista nani atamsaidia mama sasa." Nikasema nitamwambia. Nilimfuata sista mara kadhaa, lakini kila nikimfikia nilimkuta na mtoto mkononi au mrija wa dripu menoni, na sentensi yangu ilikuwa ndefu na ya aibu, ikakwama. Nikajiambia wanawake wa wodi wataona wenyewe. Mama alikuwa ameanza kwenda bafuni kwa kushikwa mkono.

Asubuhi iliyofuata jagi lilikuwa limejaa pomoni.

Dakta Mutinda alilileta barazani mwenyewe, analishika kama yai. "Zikiamka huamka hivi," alisema, "kwa pupa, kama mbuzi waliofunguliwa." Tuliingia wodini, yaani yeye aliingia na mimi nikasimama dirishani, akamwinamia Mama akamwuliza kwa Kikamba kama ameenda haja. Mama akajifunika uso kwa kanga. Sote tukaelewa: haya ya mtu mzima. Daktari akatabasamu, akaamuru maji, uji, supu, matunda, chochote.

Sasa mnijue mimi. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Mimi nilikimbia matopeni hadi posta, nikapiga simu dukani Kikima, nikamwambia mwenye duka amwambie Mwende kwamba mito ya mama yake imefunguka. Mito! Nikamtuma mtu Nuu. Nikanunua machungwa na ndizi, nikayapitisha dirishani mkono mmoja, uso nimeugeuza barabarani. "Kula, Mama. Daktari amesema kula." Mkono ukayapokea. Ulikuwa mzito, ule mkono, nakumbuka niligusa kidole kwa bahati mbaya nikashtuka, na kilichonishtua ni kule kukigusa, si uvimbe wake.

Jagi likajaa tena. Na tena.

Wakaja wote kwa pamoja, alasiri moja ya jua la kuchoma kati ya mvua mbili. Mwende alikodi pikapu na akina mama wa kanisa letu, mtoto amefungwa kifuani, wakiimba tangu lango la hospitali. Upande wa Nuu wakaja wazee na shangazi, wamemvuta mbuzi wa shukrani. Uwanja wa wodi ukajaa. Mwende akanipa mkono, macho yamejaa maji, akapita moja kwa moja ndani kumwona mama yake. Na mimi nikaombwa nitoe ushuhuda, kwa sababu kanisani kwetu jambo likitendeka lazima mtu asimame aliseme.

Sijui ni pepo gani aliniambia nilete jagi. Mimi, niliyeshindwa kuliandika jina likiwa tupu, nililichukua nyuma ya mlango likiwa limejaa hadi mstari wa juu, nikatoka nalo juani, linang'aa kama asali.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Ndugu zangu, madaktari wa ng'ambo wana sumaku ya kutazama figo! Sisi Mungu ametupa hili jagi!" Nikaliinua. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisema kuhusu majangwa na chemchemi, nilisema vizuri, ninakiri nilijisikia nasema vizuri, na nilikuwa nimefika kwenye mwamba unaobubujika maji wakati bibi mmoja aliyelazwa kwa ajili ya mguu, amesimama mlangoni na fimbo yake, aliposema kwa sauti tulivu:

"Mwalimu, usitikise sana. Humo na mimi nimo."

Watu wakageuka.

"Hata mimi," mwanamke mwingine akadakia kutoka dirishani. "Asubuhi na jana."

"Sisi sote tumo humo," akasema yule bibi. "Si ni kama ile ya kichocho? Walipokuja kupima kijiji chetu, kila mtu alikojoa. Tukaona jagi la hospitali halina jina, tukasema daktari anataka la wodi nzima. Au tumekosea?"

Hapo ndipo palipochekwa. Wazee wa Nuu walicheka mpaka wakashikana mabega, shangazi mmoja akakaa chini kabisa, mchungaji wetu akageukia ukuta mabega yakimtetemeka. Na mimi nimesimama na mikono juu, kwa sababu kulishusha ni kujimwagia, na kuendelea kulishika ni vile mnavyoona. Kama dunia ingefungwa pale, ningekuwa mtu wa kuchekesha tu.

Dakta Mutinda alikuwa ametoka ofisini kwake kwa ajili ya kelele. Hakucheka. Aliuliza, taratibu, "Na wa mama uko wapi?"

Kabla hajajibiwa tukamsikia Mwende akipiga kelele wodini, "Mwaitu! Mwaitu!" yaani mama yangu, mama yangu, kama mtoto mdogo. Daktari alikimbia. Mimi nikaweka jagi chini na, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile kalamu, nikaingia wodini, lakini nikasimama mlangoni nimeinamisha macho, hata wakati ule, Mungu anisamehe, hata wakati ule. Niliona miguu tu. Ilikuwa imevimba mpaka ngozi inametameta. Nilisikia pumzi yake, ikichota na kukwama, kama mtu anayekunywa maji asiyoyataka.

"Mkwe yuko dirishani?" sauti ikauliza.

"Hayuko, mama," daktari akasema.

"Sijakojoa. Tangu nije hapa sijakojoa. Bafuni nilipelekwa kuoga tu. Ningesemaje, na mkwe yuko pale siku nzima anasikia?"

Kumbe tulikuwa tunaheshimiana. Yeye upande wa ndani wa ukuta, mimi wa nje, tunaheshimiana hadi kufa.

Gari la hospitali lilikuwa ng'ambo ya mto uliofurika. Tulimbeba Mama kwenye ile pikapu ya waimbaji, amekalishwa ili apumue, Mwende kamshika mgongo, mtoto analia, na mimi nyuma kabisa na mbuzi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfungua baada ya watu wa Nuu kumpakia apelekwe kuchinjwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema simamisha. Kwenye kivuko maji yalikuwa mekundu na mapana. Tukangoja. Waumini waliotusindikiza kwa miguu walisimama ukingoni, na wale akina mama ambao sijawahi kuwaona wakikosa wimbo hawakuwa na wimbo. Mto ulishuka polepole kama unaotufanyia makusudi. Mbuzi aliniegemea goti njia yote ya Nairobi.

Mama alifika akiwa na pumzi. Walimwunganisha kwenye mashine ya damu, lakini moyo wake ulikuwa umeshachoka.

Baadaye sana nilimwuliza Dakta Mutinda kama figo zile zingeamka, kama tungemkimbiza mapema, kama nisingempa machungwa yale. Aligeuzageuza kalamu. Akasema angekuwa na picha ile ya sumaku angenijibu. Akasema hakuwa nayo, kwa hiyo hawezi kunihukumu wala kunisamehe. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe alipaswa kuinua ile kanga siku Mama alipojifunika. Tangu hapo hatujaweza kuzungumza, tukikutana tunasalimiana kwa mkono na kuachana.

Lakini mwisho wenyewe ni huu. Mochwari walitaka jamaa wa kumtambua. Mwende alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mtoto ananyonya, yeye haoni mbele. Nikasema nitaingia mimi. Nilitaka angalau jambo moja nimfanyie kama mwanamume. Mhudumu akavuta shuka, akangoja, kalamu mkononi.

"Ndiye?"

Nikatazama. Ulikuwa uso wa mwanamke, umevimba, umetulia. Nilitafuta ndani yake kitu cha Mwende, nyusi, kidevu, nikaona kama kipo, kisha nikaona kama hakipo. Nilitafuta kitu ninachokijua. Ninachokijua kilikuwa sauti, na sauti haikuwepo.

"Mzee, ndiye au siye? Kuna watu wanangoja."

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake."

"Umemwoa binti yake na humjui?"

Mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, jamani, si ile ya jagi. Ile ya jagi mkae nayo mwicheke. Ilibidi Mwende aitwe. Aliingia na mtoto bado yuko titini, akasogea, akaweka kiganja kwenye shavu la mama yake.

"Ndiye," akasema. Kisha, bila kunigeukia, na bila hasira yoyote ambayo ningeweza kuishika: "Mtazame sasa, Kioko. Ndiye huyu."

Nikamtazama mpaka mhudumu akarudisha shuka. Nimeapa toka siku ile: mgonjwa nitakayemwuguza nitamtazama usoni, nitamwuliza alichokunywa na alichokojoa, awe mkwe, awe mama, awe mgeni, na wazee wakiniita mtovu wa haya nitaitika. Nimeshaitika mara nyingi. Hainiumi hata kidogo.